Aliyemfuata Askari Naye Asome

Askari wa Marekani akihamishiwa Ujerumani, Japani au Italia pamoja na familia yake, mtoto wake hupata shule nzuri bila karo. Yeye mwenyewe hulipiwa masomo ya chuo anayoyasoma jioni akitoka kazini. Anayesahaulika ni mtu wa tatu wa nyumba hiyo: mke aliyeacha kazi Texas amfuate mumewe, au mume aliyefunga biashara Georgia amfuate mkewe mwenye sare. Baada ya miaka mitatu wanarudi Marekani. Mtoto amepanda madarasa matatu, askari amefika nusu ya shahada, na huyo wa tatu bado ana cheti kilekile alichotoka nacho Nairobi au Dar es Salaam, ambacho hakuna mwajiri aliyekwisha kukisoma.

Hali hii inatuhusu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016, mpango ulioitwa MAVNI uliwaruhusu wageni waliokuwa Marekani kihalali, lakini wasio na kadi ya kijani, kujiunga na jeshi ikiwa walikuwa na utaalamu wa afya au walijua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo katika orodha hiyo. Wengine wetu waliingia jeshini kwa kadi ya kijani ya bahati nasibu, wengine ni watoto wa wakimbizi kutoka Kongo waliokulia Marekani. Ndiyo maana leo ukipita katika kambi za Kaiserslautern au Okinawa utasikia mtu akiitwa mezani kwa Kiswahili.

Na hili la familia nzima kuhama na jeshi sisi hatukukulia nalo. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 waliwaacha wake na watoto kijijini. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, na wanajeshi wa Tanzania wakaenda mashariki mwa Kongo mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa. Hao nao waliacha familia nyumbani. Kwa hiyo mtu wetu anapoambiwa jeshi litahamisha vitanda, gari na watoto, hana shangazi wala mjomba aliyekwisha kupitia jambo hilo wa kumuuliza. Anajifunza akiwa njiani, na kuna mambo ambayo ukijifunza njiani umekwisha kuchelewa.

Kwanza shule za watoto, maana hapo Marekani imefanya kazi inayostahili kusifiwa. Jeshi la Marekani lilianza kufungua shule zake nchi za nje mwaka 1946, familia za kwanza zilipowafuata wanajeshi waliokuwa wakiikalia Ujerumani na Japani baada ya vita. Leo taasisi inayoziendesha, DoDEA, ina shule takriban 160 katika nchi 11, majimbo saba ya Marekani, Guam na Puerto Rico, na wanafunzi zaidi ya 60,000. Walimu wake ni waajiriwa wa serikali kuu. Mtaala ni mmoja, kwa hiyo mtoto wa darasa la tano akihamishwa Ujerumani katikati ya mwaka na kupelekwa Okinawa, atawakuta wenzake wanasoma mambo yaleyale. Kwa mtoto wa askari hilo ni jambo kubwa, maana hukadiriwa kwamba huhama mara sita hadi tisa kabla ya kumaliza sekondari.

Matokeo yanaonekana. Katika mtihani wa kitaifa wa NAEP wa mwaka 2022, na tena mwaka 2024, wanafunzi wa darasa la nne na la nane wa shule hizi waliongoza Marekani nzima katika kusoma na katika hisabati. Mwaka 2022 watoto weusi wa darasa la nane katika shule hizi walipata wastani wa kusoma ulio juu ya wastani wa kitaifa wa watoto weupe. Mzazi wa Kiafrika ambaye mtoto wake amesoma katika mitaa ya kawaida ya miji ya Marekani anaelewa habari hiyo ina uzito gani. Sababu zake zinafahamika: kila mtoto darasani ana angalau mzazi mmoja mwenye mshahara, familia ina nyumba na matibabu, na fedha za shule hazitegemei kodi ya majengo ya mtaa, ambayo kwingineko huipa shule ya matajiri vitabu vipya na kuiacha shule ya maskini na paa linalovuja. Serikali ikiamua kumtunza mtoto wa maskini na wa tajiri kwa kiwango kimoja, watoto husoma. Tungependa kila waziri wa elimu wa nchi zetu ayaangalie matokeo hayo.

Shule za msingi za DoDEA zina pia kipindi cha lugha na utamaduni wa nchi mwenyeji. Mtoto anarudi nyumbani na maneno ya Kijerumani au Kijapani, na baadhi ya wazazi hushikwa na hofu, wakaacha kumsemesha Kiswahili wasije wakamchanganya. Tunawasihi wasifanye hivyo. Mtoto wa Bukoba hukua na Kihaya, Kiswahili na Kiingereza na hachanganyikiwi, na huyu wa kambini ana kichwa kama cha yule wa Bukoba.

Lakini haki ya shule ina sharti ambalo watu wetu wamelipuuza kwa gharama yao. Ni lazima familia iandikwe rasmi kwamba imeidhinishwa kuishi na askari katika kituo chake. Askari aliyeoa Eldoret wakati wa likizo, kisha akamleta mke na mtoto Ujerumani kwa nauli yake mwenyewe kabla idhini haijatoka, atakuta mtoto anapokelewa pale tu nafasi inapobaki. Nafasi isipobaki, ajitafutie. Basi jalada la idhini lifunguliwe kabla tiketi haijanunuliwa. Na mahali pasipo na shule ya DoDEA, upo mpango wa kulipia shule nyingine, unaoitwa NDSP, ila kibali chake hutolewa kabla mtoto hajasajiliwa. Ukimwandikisha kwanza ukaomba baadaye, unaweza kujikuta unalipa mwenyewe.

Wanaorudi Marekani nao wana kinga. Upo mkataba wa majimbo kuhusu elimu ya watoto wa wanajeshi, ambao kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yamejiunga nao. Unaitaka shule mpya impokee mtoto hata kama rekodi rasmi hazijafika, imweke katika masomo aliyokuwa akiyasoma, na isimzuie kuhitimu kwa sababu tu jimbo lake jipya lina somo la lazima ambalo la zamani halikuwa nalo. Mwalimu mkuu asipoufahamu, mtajie. Ni sheria ya jimbo lake.

Shule hizi hazina ukamilifu. Zinapokea amri kutoka Washington, na amri moja hufika katika kila maktaba, kutoka Bahrain hadi Okinawa. Mwaka 2025 vitabu vilivyogusa masuala ya rangi na jinsia viliondolewa katika baadhi ya maktaba zake, na familia kadhaa zikaishtaki taasisi hiyo mahakamani. Tunaunga mkono familia hizo. Mtoto mweusi ambaye mama yake yuko tayari kuifia bendera ya Marekani ana haki ya kusoma historia ya watu weusi wa nchi hiyo katika shule ya jeshi lake.

Sasa tuje kwa watu wazima, ambako ndiko kwenye jambo tunalotaka kulisema.

Oktoba 1949 Chuo Kikuu cha Maryland kilipeleka walimu saba Ujerumani. Wakaanza kufundisha wanajeshi katika vituo sita, Berlin na Heidelberg vikiwamo. Mwaka 1956 kikaingia Asia, na baadaye walimu wake wakawafuata wanajeshi hadi Vietnam na Afghanistan. Leo kinaitwa University of Maryland Global Campus, na bado kina ofisi ndani ya kambi za Ulaya na Asia. Darasa analoingia askari, mke au mume wake naye anaruhusiwa kuingia. Tofauti iko kwenye malipo.

Askari analipiwa na jeshi. Wizara inaruhusu hadi dola 250 kwa kila krediti na hadi dola 4,500 kwa mwaka. Fedha hizo ni mbali na zile za sheria kubwa ya elimu ya wanajeshi, GI Bill. Sheria ya kwanza ya jina hilo ilisainiwa na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, na wanajeshi wapatao milioni 7.8 waliotoka vitani waliitumia kusoma au kujifunza kazi. Waliotoka vitani wakiwa weusi, hasa wa majimbo ya Kusini, wengi walinyimwa. Vyuo viliwafungia milango na maofisa wakawaelekeza kwenye kazi za mikono. Sheria ya sasa ilianza kutumika Agosti 2009, na inampa aliyetimiza masharti miezi 36 ya masomo, ikilipa karo yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi wa jimbo.

Miezi hiyo 36 ndiyo mali kubwa kuliko zote ambazo familia nyingi za askari zitawahi kumiliki. Inazidi gari, na kwa wengi inazidi nyumba. Na inaweza kurithishwa kwa walio hai. Askari aliyetumikia miaka sita, akikubali kutumikia minne zaidi, anaweza kumhamishia mke, mume au mtoto. Mke au mume anaweza kuanza kuitumia mara moja. Mtoto husubiri hadi mzazi atimize miaka kumi ya utumishi, na ni lazima aitumie kabla hajafikisha miaka 26.

Hapo ndipo watu wetu wanapopoteza. Uhamisho huo hufanywa askari akiwa bado ndani ya jeshi. Akishavua sare bila kuufanya, basi tena. Anabaki na haki yake mwenyewe, lakini hawezi kumpa mtu mwingine. Na baada ya kutoka jeshini anaweza kupanga upya miezi kati ya wale aliokwisha kuwaandika, ila hawezi kuongeza jina jipya. Kwa hiyo askari aliyetimiza miaka sita na anayekusudia kubaki afanye hivi wiki hii: amwandikie kila mmoja, mke na kila mtoto, japo mwezi mmoja mmoja. Mgawanyo wa haki utafuata baadaye wakishajua nani anasoma nini. Akizaliwa mtoto mwingine, aongezwe wakati huohuo anapoandikishwa kwa ajili ya matibabu.

Shauri letu la pili kwa askari ni kwamba shahada yake mwenyewe aisome kwa zile dola 4,500 za kila mwaka, polepole, akiwa kazini, na miezi 36 aiache mizima kwa ajili ya nyumba yake. Tumeona wengi wakifanya kinyume: wanaacha msaada wa kila mwaka upite bila kuguswa, kisha wanatoka jeshini na kula miezi yote peke yao. Ni haki yao kisheria, lakini aliyefunga na kufungua maboksi katika kila uhamisho alikuwa na sehemu yake katika utumishi ule.

Mwenza mwenyewe ana mfuko wake, MyCAA, unaotoa hadi dola 4,000 kwa ajili ya cheti, leseni ya kazi au shahada ya miaka miwili. Ni fedha nzuri. Zinatosha kumsomesha msaidizi wa daktari wa meno au mtunza hesabu, na zinalipa mtihani wa leseni. Kasoro yake ni kwamba hutolewa kwa wenza wa vyeo vya chini tu, hadi E-6 kwa askari wa kawaida na O-3 kwa maofisa. Mke wa sajini wa ngazi ya E-7 ambaye amemfuata mumewe kwa miaka kumi na mitano, amezaa mtoto Korea na mwingine Italia, anaambiwa mumewe amepanda sana. Mshahara wa mumewe umeongezeka kidogo. Yeye hajaongezewa chochote, na ile miaka kumi na mitano haikumwachia nafasi ya kusoma. Bunge la Marekani liondoe kikomo hicho cha cheo. Liruhusu pia fedha hizo zilipie shahada kamili, maana hivi sasa haziruhusiwi, na mtu wa Afrika Mashariki aliyekwisha kusoma miaka miwili ya chuo kwao hahitaji cheti kingine kidogo cha kuweka juu ya vile alivyo navyo.

Tuseme huyo mwenza ni muuguzi aliyesomea Kenya, mwenye diploma na uzoefu wa miaka mitano wodini. Marekani hatambuliwi mpaka vyeti vyake vitathminiwe na apasi mtihani wa NCLEX. Nyaraka hutumwa na chuo chenyewe na Baraza la Wauguzi moja kwa moja kwa watathmini. Akizibeba mkononi hazikubaliwi. Kazi hiyo ni ya miezi, nayo inahitaji ndugu Nairobi wa kwenda dirishani, kuuliza, kurudi kesho, na kuuliza tena. Akianza siku aliyotua Ujerumani, miaka mitatu inatosha kabisa, na anarudi Marekani akiwa na leseni. Asipoanza, anarudi kutafuta kazi ya kuwahudumia wazee kwa malipo ya saa, huku hospitali ya jirani ikilia kwamba haina wauguzi. Ipo sheria ya shirikisho iliyosainiwa Januari 2023 inayomwezesha mwenza wa askari kuitumia leseni ya jimbo moja katika jimbo jingine anapohamishwa, kwa masharti yake. Inamsaidia mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani. Leseni ya Nairobi haimo, na ndiyo sababu ile ya kwanza ya jimbo ina thamani kubwa kwa mtu wetu kuliko kwa mzaliwa wa Ohio.

Mwalimu aliyehitimu Dar es Salaam au Makerere ana njia yake. Shule zilezile za DoDEA huajiri walimu wa muda na wasaidizi wa darasa, na akiwa hapo ndani anajifunza mfumo, anapata watu wa kumwandikia barua ya sifa, na anasoma jioni kozi za leseni. Ila kazi nyingi za serikali zinataka uraia wa Marekani. Mwenye kadi ya kijani ajue kwamba muda anaoishi nje ya nchi kwa amri ya uhamisho wa mwenza wake unaweza kuhesabiwa kama muda wa kuishi Marekani, na sheria inaruhusu baadhi ya wenza kukamilisha uraia wakiwa hukohuko nje. Maombi hayo nayo yaanze mapema.

Na yule ambaye hakumaliza kidato cha nne asione haya. Mtihani wa GED ulitungwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani ambao vita iliwakatiza sekondari. Mamilioni ya watu wazima wameupita tangu hapo. Vituo vingi vya huduma za familia kambini vina madarasa ya Kiingereza, na mwalimu wa hapo amezoea kufundisha wake wa askari kutoka Korea, Ufilipino na Brazili. Hatashangaa kumwona mama kutoka Kigoma.

Tunajua ugumu ulipo. Askari huitwa mazoezini kwa wiki nyingi, au hupelekwa kwenye operesheni kwa miezi tisa, na mwenza anabaki peke yake na watoto katika nchi ambayo hajui hata kusoma risiti. Nafasi za kulea watoto kambini zina foleni. Darasa la saa kumi na mbili jioni halimfai mama ambaye watoto wanaogeshwa saa hiyo. Masomo ya mtandaoni yamepunguza tatizo hili, na tungemshauri yeyote aanze na kozi moja tu, muhula mmoja, aone mwendo wake. Lakini makamanda nao watimize wajibu wao: chumba cha kulea watoto kiwe wazi saa za darasa. Jeshi linaloweza kuhamisha vifaru kwa treni kuvuka Ulaya linaweza kumpata mlezi wa watoto kwa saa mbili, jioni mbili kwa wiki.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitoki Washington. Kimo katika nyumba zetu. Mume anasema mama atulie kwanza, alee watoto, yeye apande cheo, kisha wataona. Tunamwambia ndugu huyo, kwa heshima zote, kwamba anaweka nyumba yake katika hatari. Jeshi la Marekani humtoa askari asiyepanda cheo katika muda uliowekwa. Mwili huumia, na goti likiharibika akiwa na miaka 31 kazi imekwisha. Ndoa nazo huvunjika. Mke aliyeachwa kwa kawaida hupoteza kitambulisho cha kambi na nafasi ya MyCAA, na hata miezi ya GI Bill aliyokwisha kuhamishiwa inaweza kufutwa na aliyempa, wakati wowote. Kwa sababu hiyo tunawaambia akina mama, na akina baba waliofuatana na wake zao wanajeshi: ukipewa miezi hiyo na chuo kikakukubali, anza kuitumia. Posho ya nyumba hutaipata wakati mwenza wako bado yuko kazini, hiyo ni kweli, na wengine husubiri kwa ajili yake. Ila kusubiri nako kuna gharama, hasa kwa mtu ambaye umri wake unakwenda na taaluma yake inasahaulika.

Wasomaji wetu walio katika jeshi la Uingereza, ambalo huandikisha raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wana utaratibu tofauti. Kupro kuna shule za Wizara ya Ulinzi katika maeneo ya kambi zao. Zaidi ya hapo, Uingereza hutoa posho ya kumweka mtoto katika shule ya bweni ili asihame kila mzazi anapohama, mzazi akichangia sehemu ya karo. Sisi tuliosoma bweni Tabora au Kakamega hatuogopi mtoto kulala shuleni. Hata hivyo mtoto wa miaka minane aliyezaliwa ughaibuni, ambaye wazazi ndio watu wake pekee wa kabila lake na lugha yake, tungesita sana kumtenga nao. Akifika umri wa sekondari, mzazi apime upya.

Turudi kwenye ofisi ya elimu kambini. Siku askari anapowasili kituoni, hupitishwa ofisi baada ya ofisi kujiandikisha. Tunaitaka wizara iweke utaratibu kwamba mwenza naye aketi na mshauri wa elimu ndani ya mwezi wa kwanza, kwa miadi iliyopangwa na kituo chenyewe, na kwamba mshauri huyo awe na mahali pa kuuliza anapoletewa cheti cha KCSE au cha Baraza la Mitihani la Tanzania. Kumwachia mtu ajitafutie kwenye tovuti hakutoshi. Anayejua cha kutafuta keshajua nusu ya jibu, na mgeni aliyefika juzi na mtoto mgongoni hajui.

Vyama vya Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongomani walioko Ujerumani, Japani na Korea vinafanya kazi kubwa wakati wa misiba na harusi. Tunaviomba viongeze jambo moja: kila familia mpya ya askari ikifika, apatikane mtu mmoja wa kuipitisha katika karatasi hizi, ya idhini ya familia, ya shule ya mtoto, ya tathmini ya vyeti na ya GI Bill, ndani ya siku 30 za kwanza. Na ninyi wauguzi, walimu na wahasibu mliokwisha kupata leseni mkiwa mmefuatana na wenza wenu wanajeshi, tuandikieni mlivyofanya: mlianzia wapi, mlilipa kiasi gani, ilichukua miezi mingapi, na nani Nairobi, Kampala au Dodoma alishughulikia nyaraka zenu bila kuwazungusha. Tutazichapa hatua hizo kama mtakavyozieleza.